Mwongozo kamili: Kuona na kurekodi wanyamapori uani, Arabuko-Sokoke na Mida msimu wa kaskazi

Kaskazi ikishashika, kati ya Desemba na Machi, swali linalonifikia kutoka Kilifi, Watamu na Malindi huwa lile lile: nimeweka beseni la maji chini ya mwembe, mbona wanaokuja ni kunguru peke yao? Nyuma yake huja la pili: nimezunguka msitu wa Arabuko-Sokoke asubuhi nzima, nimeona miti tu.

Hakuna bahati mbaya hapo. Beseni lina kina kirefu mno na liko peupe. Msituni, mtu anatembea wakati wa kukaa na anafika wakati wanyama wameshajificha jua. Mwongozo huu unaanzia uani na kuishia hori la Mida, mkono wa bahari karibu na Watamu. Usiruke hatua za nyumbani: anayeweza kumsoma ndege mmoja vizuri kwenye sahani ya maji hatapata taabu mnyama wa msituni anapojitokeza kwa sekunde tatu.

Aliye Dar es Salaam aweke msitu wa Pugu mahali pa Arabuko-Sokoke. Mambo ya uani hayabadiliki.

## Vitu vya kuandaa

- Sahani mbili za udongo, pana na za kina kifupi. Kisahani cha chini ya chungu cha maua kinatosha. Plastiki nyeusi haifai, maji yake yanachemka kufikia saa 5.
- Mawe machache yenye uso mkavu na mkwaruzo.
- Chupa ya plastiki ya lita moja na nusu, sindano na kamba.
- Brashi ngumu ya kusugulia. Sabuni usiweke kwenye orodha.
- Mfuko wa wavu, ule wa kuuzia vitunguu.
- Daftari dogo na penseli. Wino hutoka ukiguswa na jasho, penseli haitoki.
- Darubini ya 8x32 au 8x42 ukiweza kuipata. Namba ya kwanza ni ukuzaji, ya pili ni upana wa lenzi kwa milimita. Usishawishike na 10 au 12, kwani mkono unaotetemeka nao unakuzwa.
- Tochi yenye taa nyekundu, au tochi ya kawaida uliyoifunga karatasi nyekundu ya nailoni.
- Viatu vya kufunika vidole, kofia, maji ya kunywa, na nguo za rangi iliyofifia.

Kama huna darubini, anza hivyo hivyo. Hatua ya kwanza hadi ya nne zinafanyika kwa macho matupu.

## Hatua ya 1: Tega maji, usiyamwage tu

Wakati wa kaskazi chakula cha ndege bado kipo, kinachokosekana ni maji. Ndiyo maana nakuomba usahau mkate, wali na mabaki ya ugali. Vyakula hivyo vinaita kunguru na panya, na vikichacha vinaua.

Sahani ya kwanza iweke chini, kwenye kivuli cha mti. Maji yasizidi sentimita tatu katikati, na jiwe moja litokeze juu ya maji. Shore na tetere hawaingii mahali ambapo miguu haigusi chini, na nyuki wasipopata pa kukanyaga huzama.

Sasa kuna mtego wa pande mbili. Ukiweka sahani peupe, kunguru wanaimiliki. Wataleta mifupa na kuilowesha humo mpaka maji yanuke. Ukiiweka kichakani, paka anajilaza nyuma ya majani akisubiri. Dawa yake ni kuacha udongo mtupu wa kama mita mbili kuzunguka sahani, kisha kutandaza matawi ya miiba kwenye ukingo wa nje. Tawi la mti liwe juu, ndege apate pa kutua na kuchungulia kabla ya kushuka.

Sahani ya pili ining'inize kwa kamba tatu chini ya tawi la chini, kimo cha kifua chako, mahali penye matawi membamba. Kunguru ni mzito na anataka nafasi ya kutua, kwa hiyo hapo hajisikii. Chozi na tongwa hawana shida hiyo.

Kisha fanya jambo ambalo wengi hawalifanyi: toboa kitako cha chupa kwa ncha ya sindano, ijaze maji, uifunge juu ya sahani ya chini idondoke tone moja kila sekunde mbili au tatu. Ukilegeza kifuniko matone yanaongezeka, ukikikaza yanapungua. Ndege aliye mti wa tatu haoni maji yaliyotulia, lakini tone analisikia na mtikisiko wa mwanga anauona.

Maji ya kisima chenye chumvi nyingi hayafai. Kama wewe mwenyewe huwezi kuyanywa, usiwape.

Onyo la mbu. Mwaga maji na usugue sahani kila siku, ikikushinda kabisa kila baada ya siku mbili. Kumwaga peke yake hakutoshi: mbu wa dengi hubandika mayai kwenye ukuta wa chombo, juu kidogo ya maji, na mayai hayo yanastahimili ukavu. Ni brashi inayoyaondoa. Kwenye joto la kaskazi yai linaweza kuwa mbu anayeruka ndani ya wiki moja hivi, kwa hiyo sahani iliyosahaulika ni kiwanda.

Dalili ya mafanikio: nyuki na nyigu ndio hufika mwanzo. Usiwafukuze. Baada yao huja shore, maana ni jasiri na mdomo wake hautulii, na wengine wakimwona anaoga hushuka. Yakipita majuma mawili bila shore, sogeza sahani karibu na mti mwingine.

## Hatua ya 2: Embe bovu na mlimau usiopuliziwa dawa

Kaskazi ni msimu wa maembe, na maembe yanayooza chini ni mali. Chukua mawili yaliyopondeka, uongeze ndizi iliyoiva kupita kiasi, uyatie kwenye mfuko wa vitunguu na kuuning'iniza kivulini. Paka grisi kidogo kwenye kamba ili sisimizi wasipande.

Siku ya pili au ya tatu, harufu ya uchachu ikianza, watakuja vipepeo wakubwa wanene wenye vimkia viwili kwenye kila bawa la nyuma, wa jenasi ya Charaxes. Hawa hawana haja na maua. Wanarefusha ulimi na kunyonya utomvu uliochacha, na wakishakolea unaweza kusogea hadi urefu wa mkono bila waondoke. Karibu na sahani lowesha pia kipande cha udongo: vipepeo madume hushuka kwenye tope kunyonya chumvi.

Halafu nenda kwenye mlimau. Geuza majani machanga taratibu ukitafuta kitu kama kinyesi cha ndege, kahawia chenye mabaka meupe, kinachong'aa kama kimelowa. Hicho ni kiwavi wa Papilio demodocus, kipepeo mkubwa mweusi mwenye madoa ya manjano anayezunguka kila penye michungwa. Akikua anabadilika kuwa kijani. Mguse kidogo kwa kijiti: nyuma ya kichwa atachomoza pembe mbili laini za rangi ya machungwa zenye harufu kali, kisha azirudishe ndani. Watoto hawachoki na mchezo huu, ila mara moja kwa kiwavi inatosha.

Mlimau ukipuliziwa dawa ya wadudu, hatua hii yote imekufa, na mijusi na kinyonga wanaokula wadudu hao nao wataondoka. Mti mkubwa hauuawi na viwavi watano. Kama mche wako ni mdogo, wahamishe kwa mkono.

Watu wa Gede hawahitaji kuambiwa thamani ya viwavi: mradi wa Kipepeo, ulioanza 1993, unanunua pupa, yaani viwavi waliokwisha kujifunga, kutoka kwa wakulima wa pembezoni mwa Arabuko-Sokoke na kuwauza nje ya nchi.

## Hatua ya 3: Kaa kwa saa zinazofaa

Pwani yetu mwezi wa Januari jua linachomoza baada kidogo ya saa 12.15 asubuhi. Uwe umeshakaa saa 12 kamili. Kuanzia hapo mpaka saa 2 na nusu ndipo penye shughuli, kisha tena kuanzia saa 10 na nusu jioni hadi giza.

Mchana usiuandike kuwa bure. Saa 6 hadi saa 8 ndege wengi wametulia, lakini wenye kiu hushuka kimya kimya, na huo ndio wakati wa mijusi, kereng'ende na vipepeo. Keti ndani, tazama kupitia dirisha, usijichome jua bila sababu.

Kaa kwenye kiti, mgongo kwenye ukuta au shina, umbali wa mita sita hadi nane kutoka kwenye maji. Dakika ishirini za mwanzo hazihesabiki, viumbe bado wanakupima. Anayenyanyuka dakika ya kumi na tano kwenda kutazama chai jikoni anaanza upya.

Simu iwe mfukoni. Nasisitiza hili kwa sababu ndilo linalowaangusha wengi: ndege anatua, mkono unakimbilia simu, ndege anaona mkono, na kinachobaki ni picha ya tawi. Tazama kwanza, andika, halafu ndege akiwa bado yupo piga picha.

## Hatua ya 4: Andika kabla ya kutafuta jina

Ukikimbilia jina, macho yanaanza kuona kile jina linachotaka. Andika kwa mpangilio huu:

1. Tarehe, saa, mahali hasa.
2. Ukubwa ukilinganisha na ndege unaowajua: shomoro, shore, njiwa, kunguru.
3. Mdomo: mfupi mnene wa kupasua mbegu, mwembamba uliopinda, mnyoofu kama kisu?
4. Anafanya nini, na yuko urefu gani kutoka ardhini.
5. Sauti, kwa maneno yako mwenyewe.
6. Rangi, mwishoni, ukianzia kichwani kwenda mkiani.

Rangi inakuja mwisho kwa sababu inadanganya. Chozi dume akiwa kivulini ni mweusi. Akigeuka kwenye jua anawaka kijani na zambarau. Ila mdomo wake uliopinda haubadiliki na mwanga.

Hivi ndivyo daftari zuri linavyosomeka:

*17 Januari, 12.50 asubuhi, sahani ya chini, Gede. Wawili. Wakubwa kuliko shomoro, wembamba kuliko njiwa. Mdomo mfupi mweusi. Wanaoga kwa zamu, mmoja juu ya tawi anapiga kelele. Kichwa cheusi chenye kishungi kidogo, mgongo kahawia, chini ya mkia manjano.*

Hayo manjano chini ya mkia yanamaliza kesi: ni shore. Mwandishi asingeyaona kama angeridhika na "ndege wa kahawia".

Dalili ya mafanikio: mtu mwingine akisoma maelezo yako bila picha anaweza kukisia ndege, au angalau kuondoa nusu ya wanaodhaniwa.

## Hatua ya 5: Usiku mmoja uani

Kelele ile ya usiku inayofanana na mtoto analia juu ya mnazi ni ya komba. Wagema wanamjua vizuri, maana anaonja tembo la mnazi kabla ya mwenyewe kupanda. Toka saa 1 na nusu usiku, simama mahali pamoja, na upitishe taa nyekundu taratibu kwenye vilele vya miti. Macho yake yatarudisha mwanga, mawili yaliyokaribiana, kisha yatazimika na kuwaka mita tatu mbele: ameruka. Taa nyeupe kali inamtia kiwi na ataondoka.

Kwenye taa ya baraza utakuwa na mjusi kafiri na popo. Waandike pia.

Onyo. Usiku usitembee bila viatu wala kutia mkono chini ya makuti yaliyorundikana. Kifutu, ambaye wengine humwita moma, hakimbii akisikia hatua, anategemea kufanana na majani makavu. Mchana, nyoka wa kijani mtini asikaribiwe hata kama jirani anaapa hana sumu: pwani yetu ina mamba wa kijani na ina nyoka wa kijani wasio na madhara, na si kazi ya mwanzilishi kuwatofautisha akiwa chini ya tawi. Rudi nyuma, piga picha kwa mbali, andika.

## Hatua ya 6: Arabuko-Sokoke, kwa masikio kwanza

Msitu huu una eneo la kilomita za mraba 420 hivi na ndio kipande kikubwa kabisa cha msitu mkavu wa pwani kilichobaki Afrika Mashariki. Ingia kupitia kituo cha Gede kwenye barabara ya Mombasa–Malindi, lipa kiingilio, chukua mwongozaji. Si suala la adabu tu: ndani kuna ndovu, na njia zinafanana.

Omba upelekwe mapema, uwe njiani mwanga unapotoka. Mweleze unachotafuta, kwa sababu msitu si mmoja. Sehemu ya mirihi ni wazi na yenye mchanga mweupe, nzuri kwa makundi ya ndege yanayopita juu. Sehemu ya udongo mwekundu yenye vichaka vilivyosongamana ndiyo ya bundi mdogo wa Sokoke. Msitu mchanganyiko ndio wa sange.

Sange mwenye kiuno cha dhahabu karibu wote duniani wanaishi hapa na kwenye vipande vya misitu vya jirani. Ni mkubwa kuliko panya wa nyumbani, miguu myeusi, pua ndefu inayochezacheza, na matako ya manjano kama yaliyopakwa rangi. Anafanya kazi mchana, anachakura majani makavu akitafuta wadudu. Kaskazi inakusaidia na kukuumiza hapo hapo: majani yamekauka, kwa hiyo unamsikia kabla hujamwona, na yeye anakusikia wewe kabla hata hujamsikia.

Kwa hiyo usimfuate. Tembea hatua hamsini, simama dakika tano. Ukisikia mchakacho unaoanza na kusita, kaa chini pale pale kando ya njia na uutazame usawa wa ardhi, siyo vichakani juu. Mchakacho wa mfululizo usiosita mara nyingi ni mjusi. Ukisikia mpigo wa mkia kwenye majani, tap, tap, ujue amekuona na anakuarifu kwamba amekuona. Usinyanyuke. Akiona husogei huweza kuendelea na kazi yake.

Asiyempata msituni ajaribu magofu ya Gede asubuhi kabla ya makundi ya wageni. Huko sange hupita kati ya kuta, na kima wako wengi. Usiwape ndizi kima hao: kima aliyezoea kulishwa humnyang'anya mtoto anayefuata.

Kuhusu bundi: waongozaji wanajua anakolala mchana. Tazama kwa dakika chache, mbali, bila mmweko wa kamera. Ukiambiwa achezewe sauti ya simu ili ajibu, kataa. Anaacha maficho yake akidhani kuna mshindani, kipanga anamwona, na wewe umepata picha.

## Hatua ya 7: Mida, kwa kalenda ya maji

Hapa wengi wanafika maji yakiwa yamekupwa kabisa, wanaona vidoti vyeupe ng'ambo ya tope, wanarudi. Wengine wanafika yamejaa, hakuna hata ndege mmoja. Kinachotakiwa ni maji yanayopanda, kwa sababu yanawasukuma ndege kuja ulipo.

Chagua siku za bamvua, yaani maji makuu, karibu na mwezi mwandamo au mwezi mpevu. Pwani ya Kenya siku hizo maji hujaa mnamo saa 10 jioni, huku yakichelewa kama dakika hamsini kila siku inayofuata. Ndani ya hori hufika baadaye kidogo kuliko ufukweni. Uwe umekaa ukingoni saa mbili na nusu kabla ya maji kujaa, kichwa chini ya kivuli cha mikoko.

Tafuta ndege mweupe mwenye mgongo mweusi, miguu mirefu, na mdomo mnene mweusi unaoonekana mkubwa kuliko kichwa chake. Huyo ni Dromas ardeola, mla kaa. Anazaa kwenye mashimo ya mchanga pwani za Ghuba na Bahari ya Shamu, kisha huja kwetu kwa kundi. Mwangalie anavyokimbia, anasita, anachoma tope. Mara nyingi kinda wa mwaka ule bado anamfuata mzazi akiomba chakula, ingawa ameshavuka bahari.

Usiondoke jua linapoelekea kuzama. Keremkerem wekundu wenye kichwa cha kijani-bluu na mkia wa mishale hurudi kutoka mashambani kulala mikokoni, na mwanga wa jioni ndio unaowafaa.

Ukiwaingilia tope ndege wote wanaruka, na wana safari ndefu ifikapo Aprili. Baki kwenye njia ya mbao.

## Hatua ya 8: Rekodi ipelekwe inakotumika

Daftari likibaki droo, faida ni yako peke yako. Kwa ndege wa Kenya iko Kenya Bird Map, mradi wa kuchora ramani ya ndege wanapopatikana. Nchi imegawanywa miraba ya takriban kilomita 9 kwa 9. Orodha kamili inataka angalau saa mbili za kutazama ndani ya mraba mmoja, unaweza kuendelea kuongeza hadi siku tano, na ndege waandikwe kwa mpangilio uliowaona au kuwasikia. Uani kwako panahesabika sawa na msituni. Kunguru naye aandikwe. Orodha inayoruka ndege wa kawaida inaonekana kana kwamba hawapo.

Kwa komba, vipepeo, mijusi na mimea tumia iNaturalist, programu ya kurekodi viumbe: picha, tarehe, mahali. Huna jina? Andika "kipepeo" au "mjusi" na uache wengine wasaidie. Usibandike jina ambalo programu imekisia kama maelezo ya daftari lako hayakubaliani nalo. Programu inaweza kukupa mnyama wa mbali anayefanana.

Kabla ya kutuma picha ya bundi, kiota, au sange mwenye kichanga, badilisha mpangilio wa mahali uwe uliofichwa, na uangalie kama picha yenyewe haionyeshi kibao cha njia au mti unaojulikana. Ukishatuma kwenye kundi la WhatsApp hairudi.